Waambie wiki hii

Mwanangu Nafula,

Umeniuliza kama uwaambie kazini, hapo shamba la maua, sasa kwamba una mimba ya wiki tisa, au usubiri hadi tumbo lionekane, maana mkataba wako ni wa msimu na unaogopa kutoitwa tena. Waambie wiki hii.

Hao wanaokwambia mimba changa haina neno wanakupotosha. Kwa hesabu ya kliniki, wiki ya sita ikiisha uti wa mgongo wa mtoto umeshajifunga na moyo unapiga. Viungo vinaumbwa wakati huu huu ambapo hakuna anayejua kuwa una mimba.

Nami nimevuna waridi hapo Naivasha, kwa hiyo naijua kazi yako. Unakata shina, unalilaza kwenye mkono wa kushoto, unakata jingine, mpaka fungu linajaa, na muda wote huo majani yenye unga wa dawa inayopigiwa maua yanakusugua kifua na tumbo. Miiba inatoboa mikono ya shati. Watu huogopa harufu, lakini kwa mvunaji dawa nyingi huingia kwa ngozi, na ngozi yenye joto na jasho la grinhausi huinyonya upesi zaidi. Harufu ikiisha usidhani dawa imeisha.

Ipo mancozeb, dawa ya ukungu. Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea kibali mwaka 2020, kwa kuwa imewekwa katika kundi la kemikali zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni, na huvuruga homoni. Na maua yetu yanauzwa huko huko Ulaya! Hilo linaniuma sana. Chlorpyrifos, ya wadudu, hupenya kondo la nyuma. Watafiti wa New York waliowafuatilia watoto tangu tumboni waliona kwamba waliopata nyingi zaidi walibaki nyuma kiakili. Si kila mama aliyegusa dawa huzaa mtoto mwenye shida, na wewe usikose usingizi. Ila usiendelee kuigusa.

Nenda kliniki, ukaanze vidonge vya foliki kama bado, na uombe barua inayosema una mimba na usiwekwe penye dawa. Mpe supavaiza nakala, ubaki na yako. Usikubali tu kuhamishiwa gredi, wanakopanga maua yaliyovunwa, kwa sababu maua hufika huko na dawa yake, na mengine huchovywa tena dawa ya ukungu. Omba kantini, ofisi, au kukunja maboksi. Hata kabla hujahamishwa, usiingie grinhausi iliyopigwa dawa kabla ya saa zilizoandikwa kwenye lebo kwisha, hata wakikuharakisha.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi, na ukijifungua una likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Mkataba wa msimu unaweza kuisha, hilo sitakuficha. Ndiyo maana nataka iwe kwa maandishi, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ajue mapema.

Na mumeo, kwa kuwa ndiye mpiga dawa: ovaroli yake isiingie nyumbani. Aoge na kubadilisha kazini. Ikibidi ifuliwe hapo kwenu, aifue yeye, kwenye beseni lake, mbali na nguo zako.

Supavaiza akikujibu, nipigie siku hiyo hiyo. Akikataa, nitapanda gari nije tukamwone pamoja na mtu wa chama.

Mama yako