Maswali na majibu: Panya wako unamlisha mwenyewe

Mahindi yameshatoka shambani, baridi imeingia, na ujumbe wenu ni panya kwa panya. Kila msimu ni hivyo hivyo huku kwetu Nyanda za Juu. Nusu ya waliouliza wanataka "sumu kali zaidi". Hao sitawajibu mmoja mmoja. Wasome jibu la kwanza.

Nimeweka sumu mara tatu lakini panya hawaishi. Mahindi tumeyapanga chumba cha watoto, na usiku wanakimbizana juu ya dari. Nitumie sumu gani? (Msomaji, Uyole)

Dada yangu, jibu umeliandika mwenyewe katikati ya swali. Panya aliyelala katikati ya magunia ya mahindi ataifuata sumu yako kwa shida gani? Anza na chakula. Magunia yatoke chumba cha watoto, yakae juu ya chaga, yaache nusu mita kutoka ukutani ili mtu apite nyuma yake na ufagio. Unga na mchele viwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Na msinidanganye kwamba mmeweka kwenye mifuko ya PICS, ile isiyopitisha hewa: inazuia dumuzi na fukusi, panya anaitoboa usiku mmoja, na ikishatoboka hata dumuzi wanapumua.

Kisha tafuta mlango wao. Ingia ndani mchana, zima taa, tazama mwanga unapopenya: chini ya mlango wa jikoni, bomba la sinki linapotokea nje, mawimbi ya bati yanapokalia ukuta. Panya mdogo wa nyumbani anapita tundu la milimita 6, yaani unene wa penseli. Shindilia stilwaya ya kusugulia sufuria, halafu ziba kwa saruji. Matambara na povu la fundi atavitafuna, kwa sababu meno yake ya mbele hayaachi kukua na lazima ayasage kwa kitu.

Mitego iwekwe usawa wa ukuta, chambo kikielekea ukutani, maana panya hutembea akigusa ukuta. Dagaa wa kukaanga au karanga iliyosagwa inatosha. Hawa wakubwa wa darini wanashuku kitu kigeni, kwa hiyo mwachie mtego bila kuutega siku mbili tatu, ale azoee. Jike la panya mdogo hubeba mimba wiki tatu tu na huzaa watano, sita au zaidi. Ukiua wanne na kuacha tundu wazi, umewapunguzia wenzao foleni.

Yule kijana wa kipaza sauti pale Mwanjelwa anasema sumu yake panya "anakauka, hanuki". Ni kweli? (Mbeya mjini)

Si kweli. Panya aliyekufa ananuka, na kwa kuwa sumu nyingi za sasa huzuia damu kuganda na huchukua siku kadhaa kuua, atafia alikozoea kulala: darini kwako.

Kinachonikera zaidi ni ile karatasi isiyo na jina la kiambato wala namba ya usajili. Sumu halali imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na ina lebo. Mtoto akiila ile isiyo na jina, daktari ataanzia wapi? Iliyozuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K. Fosfidi ya zinki, ile ya unga wa kijivu-nyeusi, haina dawa yake maalumu. Mtoto akila sumu, msimtapishe wala msimnyweshe maziwa. Kimbieni hospitali na pakiti mkononi.

Jirani ananishauri nitupie vidonge vya kuhifadhia mahindi juu ya dari. (Makambako)

Usithubutu! Kidonge kile kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi haichagui panya na binadamu. Dari haizuii. Hata kwenye ghala ni kazi ya mtu aliyefundishwa, na hakuna anayelala humo. Mwambie jirani nimesema hivyo.

Kwa nini panya anapokung'ata anapuliza usisikie? (Iringa, Kihesa)

Hapulizi. Umelala fofofo, na ngozi ya kisigino ni nene. Kilichomleta ni harufu ya mboga kwenye vidole, ndiyo maana watoto ndio wanaong'atwa sana. Wanawe mikono na miguu kabla ya kupanda kitandani. Aliyeng'atwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji mengi, apelekwe zahanati, waulize na sindano ya pepopunda.

Bundi ameweka kiota kwenye paa la stoo, wazee wanataka afukuzwe. (Tukuyu)

Mwacheni. Anakula panya usiku kucha na hadai mshahara. Mnamfukuza mlinzi, kisha mnaniandikia mimi.

Nimeona panya mkubwa kama mtoto wa paka, mkia una rangi nyeupe mwishoni. Ni wa kichawi? (Mafinga)

Huyo ni panya buku. Ndugu zake wanafundishwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Funga mlango wa stoo, aende zake.

Nikifagia stoo napiga chafya sana. Ni vumbi tu? (Njombe)

Sijui una mzio gani, lakini kinyesi cha panya hakifagiwi kikavu. Nyunyiza maji yenye jiki, subiri kilowe, kisha kifute kwa kitambaa ukiwa umevaa glavu. Mkojo wake ndio wa kuogopa zaidi: homa ya mgunda iliyoua watu Ruangwa, Lindi, mwaka 2022 huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwa mstari wa mbele. Mwenye kidonda mguuni asiingie stoo pekupeku.

Paka wangu hali panya. (Mbalizi)

Unampa ugali na dagaa mara ngapi kwa siku?