Kabla ya Kumpeleka Ndugu Yenu Soba Hausi, Pangeni Siku Atakayotoka

Familia zinazonitafuta kwa ushauri hapa Moshi huja karibu zote na swali lile lile: ni nyumba gani nzuri ya kumpeleka kijana wao anayetumia unga. Nami huwauliza swali ambalo wengine huliona kama dharau: akitoka huko, atalala wapi? Mdogo wangu alitumia heroini kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia nyumba ya upataji nafuu, au soba hausi kama wengi tunavyoziita, upande wa Arusha. Kwa niliyoyaona kabla ya matibabu yale na baada yake, ninaamini kwamba siku ya kutoka inapaswa kupangwa kabla ya siku ya kuingia.

Kwanza, azungumze naye mtu mmoja au wawili anaowaheshimu, saa ambayo hana arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa aliyoizoea, wala hajalewa. Kwetu Uchagani jambo zito hupelekwa kwenye kikao cha ukoo, na kikao kina faida yake likija suala la michango. Lakini mraibu aliyekalishwa katikati ya wajomba, mashangazi na baba wadogo, kila mmoja akitaja kilichoibwa kwake, atakubali lolote ili mradi aondoke pale, na kesho yake hamtampata. Mdogo wangu alikubali jikoni, tukiwa mama, mimi na yeye tu. Aliuliza jambo moja: "Dada, huko wanafunga watu minyororo?" Nilimwambia kwamba hatafungwa, na kwa kuwa nilikuwa nimetoa ahadi, ikanibidi niende nikajionee.

Nenda basi mwenyewe ukaione nyumba, na ikiwezekana usitoe taarifa. Omba kuona hati za usajili, kwa sababu nyumba hizi zinatakiwa kufuata miongozo ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015. Msimamizi anayekasirika kuulizwa karatasi amekwisha kukujibu. Uliza muuguzi anapatikana saa ngapi, nani anakaa na funguo usiku endapo moto utatokea, anayevunja kanuni anaadhibiwaje, na anayetaka kuondoka anafanyiwa nini. Nyumba ya kwanza tuliyoitembelea ilikuwa na vyumba vinavyofungwa kwa kufuli kutoka nje, na wenyeji walituonyesha jambo hilo kwa fahari. Tuliaga, tukaondoka. Ile tuliyoichagua ilikuwa kuukuu, yenye bafu chache na godoro zilizochoka, lakini kijana aliyekuwa akimenya ndizi uani alituambia, msimamizi akiwa mbali, kwamba tangu afike hajawahi kupigwa wala kumwona mwenzake akipigwa. Kwangu neno lile lilikuwa na uzito kuliko vigae.

Kabla ya kufika huko, mpitisheni hospitalini. Kwa aliye Moshi zipo Mawenzi na KCMC, na kwa aliye Arusha ipo Mount Meru. Sababu ni kwamba watu husema "arosto" kana kwamba ni ya aina moja. Arosto ya heroini huanza ndani ya siku moja tangu kete ya mwisho, hukolea siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Mgonjwa huumwa mifupa, huhara, hutapika na hukosa usingizi. Anateseka sana, lakini akipata maji ya kutosha na uangalizi mara chache hufa. Aliyezoea kunywa pombe nyingi kila siku, au kumeza vidonge vya usingizi kama diazepamu, yuko kwenye hatari nyingine kabisa, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege na kuchanganyikiwa, na kunaweza kumuua. Huyo asiachishwe bila daktari. Wengi huchanganya vyote, kwa hiyo mwambieni daktari ukweli wote, hata wa gongo. Hapo hapo apimwe virusi vya ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini, na kama yuko kwenye ARV, ulizeni soba hausi dawa zake zitatunzwa na nani na atazimeza saa ngapi.

Siku ya mapokezi msione vibaya mizigo ikipekuliwa. Nilisimama nikimtazama kijana mmoja, naye aliwahi kuwa mtumiaji, akikamua dawa ya meno kidogo juu ya karatasi, akipapasa mapindo ya suruali, akichomoa soli za ndani za raba, kisha akiweka kando marashi na dawa ya kusukutulia kwa sababu vina spiriti. Alifanya yote hayo taratibu, akimwita mdogo wangu "kaka", na kila kilichochukuliwa kiliandikwa, wakasaini wote wawili. Ukikuta nyumba isiyopekua chochote, jiulize waliomo ndani wanapata nini usiku.

Kuhusu fedha, lipeni mwezi kwa mwezi, na sehemu ya michango itengwe tangu mwanzo kwa ajili ya maisha ya baadaye: kodi ya chumba, vifaa vya kazi, nauli ya kwenda kwenye vikao vya wenzake wanaoendelea kupona. Hapa ndipo nilipobishana na ndugu zangu kwa muda mrefu, maana mchango wa kumwingiza mtu hupatikana haraka, ila wa kumpokea kila mtu huuona kama anasa.

Mjue pia kwamba kulazwa si njia pekee. Methadoni, dawa ya hospitali wanayopewa waraibu wa heroini badala ya unga, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na baadaye katika mikoa mingine. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu bila malipo, arosto ikatulia, naye akaweza kufanya kazi. Wapo wanaoibeza kuwa ni kubadilisha kete kwa kete, nami sikubaliani nao hata kidogo. Kama mnaweza kuifikia kliniki kila siku, ulizeni kwa simu ya Mamlaka, namba 119, ambayo hupigwa bila malipo.

Sasa turudi kwenye kutoka. Mwili uliokaa muda bila heroini hupoteza uzoefu wake, na kipimo alichokimudu zamani kinaweza kumuua siku ya kwanza akiteleza. Kila mtu nyumbani ajue dalili: pumzi za taratibu mno, midomo kubadilika rangi, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kutoamka akiitwa. Msimwache "alale mpaka unga uishe". Mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni hospitali, na mseme waziwazi kwamba ametumia heroini, kwa sababu ipo dawa ya kuizima, naloksoni, na kila dakika ina maana.

Sisi tuliamua kwamba mdogo wangu asirudi mjini karibu na stendi, bali apande Kibosho kwa baba mdogo, akasaidie kahawa na ng'ombe. Tatizo likawa mbege, kwa kuwa mlimani hakuna shughuli isiyo na mbege, na aliyetoka kuacha unga hapaswi kujaribiwa na pombe. Baba mdogo, ambaye sikumtarajia, alikubali kwenda kunywea kwa jirani. Fedha za mdogo wangu zilipitia simu ya mama kwa makubaliano yake mwenyewe, na laini ya simu ikabadilishwa. Tuliandika pia, akiwa bado hajaingia, kitakachofanyika akirudia: atanipigia mimi kwanza, hakuna atakayemfukuza usiku, na asubuhi tutakwenda hospitali pamoja.