Nikifumba macho nipumue, kichwa kinazunguka. Nakosea wapi?

SWALI: Mimi ni dereva wa lori, njia yangu ni Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini. Siku hizi hasira ziko karibu na usingizi ni haba. Kijana wangu alinionyesha video ya zoezi la umakinifu: fumba macho, vuta pumzi ndefu, ondoa mawazo yote. Haziishi dakika mbili kichwa kinazunguka, vidole vinaingia ganzi, na ajali niliyoiona njiani mwaka jana inanirudia. Je, zoezi hili halinifai?

JIBU: Ndugu yangu, anza na ganzi hiyo, maana ina maelezo mepesi. Ukivuta hewa nyingi kuliko mwili unavyohitaji, unatoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Ikipungua katika damu, mishipa ya ubongoni husinyaa, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinaingia ganzi. Moyo nao unaenda mbio, nawe unadhani umepatwa na jambo. Kwa hiyo acha kuvuta kwa nguvu. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya umakinifu mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wa maumivu sugu, hakuwataka waishindilie pumzi. Waliitazama tu inavyoingia na kutoka.

La "ondoa mawazo yote" ndilo linaloniudhi zaidi. Hakuna anayeweza. Akili kutangatanga ni kawaida yake. Zoezi lenyewe ni kugundua kwamba imeondoka, kisha kuirudisha bila kujitukana. Ikiondoka mara 40, umefanya zoezi mara 40.

Kuhusu ajali: kwa mtu aliyeona mabaya, kufumba macho na kuusikiliza mwili kwa ndani kunaweza kufungua mlango uliokuwa umeegeshwa tu. Wewe fanya macho wazi, na usitumie pumzi kabisa kwa sasa. Foleni ya Malaba inakupa nafasi. Lori likiwa limesimama, injini imezimwa, nunua chai. Shika kikombe, sikia joto lake viganjani, harufu ya tangawizi, kisha uzito wa nyayo sakafuni. Halafu sikiliza: mama wa gonja, ndizi za kuchoma, anaita, breki za hewa zinapiga, mtu anabishana na wakala wa forodha. Usiamue kipi kizuri kipi kibaya. Dakika tatu zinatosha, mara mbili kwa siku. Faida utaiona kwanza kwenye hasira: utaanza kuhisi taya inakaza kabla mdomo haujafunguka, na hapo ndipo una nafasi ya kuchagua.

Ajali ikirudi hata hivyo, usipambane nayo. Acha zoezi, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Ikiendelea kukuamsha usiku, hilo si la kikombe cha chai. Ingia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya Mbale au Gulu, zote ziko njiani kwako, ukazungumze na mtaalamu.

Jambo moja hukuniambia: mairungi, yaani miraa. Kama unayatafuna ili usisinzie njiani, yenyewe huleta moyo mbio, hasira na kukosa usingizi. Niandikie unatafuna kiasi gani na saa ngapi, tuanzie hapo.