Kifaa cha umeme cha tumbo: kinapunguza kutapika
Je, kifaa cha umeme wanachowekewa wagonjwa ambao tumbo lao huchelewa kutoa chakula (gastroparesis) kinaharakisha chakula kutoka tumboni? Hapana, hakiharakishi, ingawa wengi hukifananisha na pesimeka ya moyo (kifaa kinachoratibu mapigo ya moyo). Kinachopungua hasa ni kutapika. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa 2020, wagonjwa 172, lilionyesha hivyo: kifaa kikiwashwa walitapika kidogo kuliko kilipozimwa, lakini chakula kilichelewa vilevile. Nyaya mbili hupachikwa kwenye msuli wa mfuko wa chakula, betri inakaa chini ya ngozi ya tumbo. Marekani walikiruhusu 2000 kwa kibali maalumu tu, kwa wenye tatizo hilo la tumbo kutokana na kisukari au ambao chanzo chake hakijulikani, tena dawa zikishashindwa. Ila huo ni upasuaji kamili, na betri ikiisha unarudi kupasuliwa.