Kuta zenye unyevu: msidunge dawa, msipige saruji

Swali: Fundi, naishi Norfolk, Uingereza. Tunajitolea kutunza kanisa la kijiji la zama za kati, la mawe ya gumegume, lisilotumika tena kwa ibada. Kuta zina ukijani na chumvi hadi kimo cha kiuno. Kampuni moja imepima kwa mashine, ikashauri tudunge dawa ya kuzuia maji, kisha tupige lipu ya saruji. Tukubali?

Jibu: Msikubali. Mashine ile ya sindano mbili imetengenezewa mbao. Ukutani, chumvi tu yatosha kuifanya ilie, na anayeishika kwa kawaida ndiye muuza dawa. Dawa yenyewe itakaa wapi? Ukuta wa namna hiyo una mawe nje na ndani, katikati kifusi cha chokaa chenye matundu. Inapotelea humo, na pesa zenu pia.

Saruji ndiyo balaa kubwa. Gumegume hainywi maji, hivyo unyevu una mlango mmoja wa kutokea: chokaa iliyo kati ya mawe. Ukiuziba, maji hupanda juu zaidi na chokaa ya ndani hugeuka unga. Barafu ikishika, saruji hubanduka pamoja na mawe.

Anzeni nje, mvua ikinyesha. Zibueni gata, na pitisheni kioo cha kujitazamia nyuma ya mabomba ya kushusha maji ya mvua, maana hupasuka upande usioonekana. Karne za mazishi huinua udongo kupita sakafu; kuushusha kunahitaji kibali na mtaalamu wa mambo ya kale, kwani mtakuta mifupa. Saruji iliyopo itolewe kwa nyundo na patasi, taratibu. Nafasi kati ya mawe zijazeni kwa chokaa 1 kwa mchanga wa chenga 3: lowesheni ukuta kwanza, tabaka lisizidi milimita 10, funikeni kwa magunia mabichi. Kazi iishe mapema kabla ya msimu wa baridi. Chokaa ya zamani ndani msiikwangue. Huenda imefunika michoro.

Kisha subirini ukuta ukauke. Mafundi hukadiria mwezi 1 kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo ukuta wa sentimita 75 ni miezi 30. Hakuna kampuni inayopenda kuuza subira.

Wenye nyumba za mawe ya matumbawe Lamu na Mji Mkongwe, Zanzibar, nanyi mnauziwa haya haya: saruji juu ya chokaa, halafu rangi ya plastiki. Ikishafanya malengelenge, anaitwa fundi yuleyule kupaka nyingine, ya bei zaidi.