Nimekwama Walawi, je Mungu kanikasirikia?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe dada. Mimi ni mama wa watoto watatu nakaa Mbagala, nakaanga maandazi na kuuza chai kituoni. Naamka saa kumi kasoro usiku, saa kumi na mbili niko barabarani na beseni langu. Januari nilianza ule mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja, Mwanzo nikaenda vizuri, Kutoka nikasukuma, nimefika Walawi kwenye habari za upele na ukoma nikakwama mpaka leo. Sasa nikitoka bila kusoma roho inaniuma siku nzima, na mama mmoja tunaesali nae kaniambia ndo maana biashara imelala, eti natoka nyumbani bila ulinzi. Nimeanza kuiacha Biblia wazi mezani, Zaburi 91, nikiondoka. Nafanya vizuri? — Mama Maandazi, Mbagala

JIBU: Amina mama yangu, na pole na kazi. Kwanza hiyo ya Walawi isikutese, wengi tumelala hapohapo. Biblia ina sura 1,189, yaani hata ukisoma sura 3 kila siku bila kuruka hata moja, mwaka unaisha bado una sura 94. Mpango ule ni mzuri kwa mtu mwenye nafasi, ila kwako wewe unaelala saa tano na kuamka saa kumi umegeuka deni, na mtu mwenye deni anamkwepa anaemdai, ndo maana sa hivi hata kuishika Biblia unaogopa.

Sasa hilo la ulinzi nataka niliseme taratibu maana linaniuma. Zaburi 91 ni Neno la Mungu na mimi naipenda sana, lakini kumbuka nani mwingine aliijua kwa kichwa. Mathayo 4, Ibilisi anampandisha Yesu juu ya hekalu anamwambia jitupe chini, halafu anamnukulia nini? Zaburi hiyohiyo ya 91, ile ya malaika watakuchukua mikononi usije ukajikwaa mguu. Alitaka lile Neno litumike kama hirizi. Na Yesu anamjibu kwa Neno, mara tatu siku ile, na majibu yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Yalikuwa tayari ndani yake, ana njaa ya siku 40 lakini yakatoka. Kwa hiyo mama Biblia iliyobaki wazi mezani wewe uko kituoni inakusaidia nini pale konda anapokula maandazi manne anasema alikula mawili? Kinachokusaidia pale ni kile ulichoondoka nacho. Na huyo mama mwenzio mwambie kwa upendo kwamba biashara kulala kuna sababu zake, bei ya unga imepanda, bei ya mafuta imepanda, na Mungu hakukufungia wateja kwa sababu hukumaliza Walawi 13.

Nikueleze kitu cha bibi yangu. Alikuwa Mmoravian, muumini wa Kanisa la Moravian, wa Tukuyu, kusoma hakujua kabisa. Likizo nikienda kwake ananiamsha kuna giza bado, moto umeshawaka jikoni, ananipa Biblia ananiambia nisomee mstari mmoja. Nasoma. Rudia. Narudia. Basi, funga. Halafu ananyanyua ungo anaanza kuchambua mchele na anausema ule mstari kwa sauti ya chini, anatoa jiwe anasema neno, anatoa chuya anasema neno, mpaka mchele unaisha. Jioni akija jirani na shida zake bibi anampa ule mstari wa asubuhi kama mtu anaempa mgeni chakula kilichobaki chunguni. Mimi nilikuwa mdogo nikaona ni uzee tu.

Nimekuja kujua baadae kwamba kule kwa Wamoravian wa kwanza, Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, ndivyo walivyofanya, mstari mmoja wa siku unapelekwa nyumba kwa nyumba asubuhi, na kuanzia 1731 wakawa wanaichapa kitabu cha mwaka mzima mpaka leo. Wamisionari wao walifika Rungwe, hukohuko kwa kina bibi, 1891, kwa hiyo kile alichofanya bibi na ungo wake kilikuwa kimesafiri. Na Zaburi 1 inaposema huitafakari mchana na usiku, lile neno la Kiebrania ni kunong'ona, kusema kwa sauti ya chini, ni hilohilo linalotumika kwenye Isaya 31 kwa simba anaenguruma juu ya windo lake. Sasa muone simba na mfupa wake, hana haraka ya kumaliza.

Kwa hiyo mama fanya hivi. Ukishakanda unga na kuuacha uumuke, hapo una nusu saa hivi, maji ya chai yako jikoni. Usishike simu. Soma mistari michache tu, anza na Marko maana ina sura 16 na inakimbia, ukikuta mstari umekugusa simama hapo usiendelee, hata kama ni wa pili. Useme mara tatu nne kwa mdomo, umwambie Mungu kitu kimoja kuhusu huo mstari, basi kakate maandazi yako ukiwa unausema. Usiku kabla hujalala weka Biblia pale pale penye beseni la unga, imefunguliwa unapoanzia, maana asubuhi ukianza kuitafuta ndo imeisha hiyo. Na siku umeamka umechelewa, mtoto ana homa, hukusoma, usiende ukasome sura 6 kesho kufidia. Kutoka 16 mana waliyoilaza mpaka asubuhi ilitoa mabuu na kunuka, ya leo ilikuwa ya leo. Maombolezo 3 inasema rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, na siku uliyoikosa inayo asubuhi yake inayofuata.

Walawi utairudia, tena siku ukiisoma polepole ukamuona Yesu anamgusa mwenye ukoma kwenye Marko 1 utalia, kwa sababu utajua alivuka nini kumgusa yule.

SWALI: Shalom mtumishi, mi ni bodaboda Morogoro, Biblia yangu iko kwenye simu. Mchungaji wetu anasema Biblia ya simu haina upako. Pia ile tafsiri ya Union maneno mengine siyaelewi, nikisoma tafsiri ya Habari Njema nina dhambi? — Kijana wa Kihonda

JIBU: Shalom mdogo wangu. Mheshimu mchungaji wako, ila Neno ni lilelile. Shida ya simu ni kwamba unafungua Yohana 3, meseji ya abiria inaingia, unaijibu, unajikuta kwenye magoli ya jana. Zima data kabisa dakika hizo kumi. Na kuna Biblia za kusikiliza, weka ukiwa umepaki kijiweni unasubiri abiria, ukiwa unaendesha hapana tafadhali, barabara inataka masikio yote mawili.

Union ya 1952 ina Kiswahili kitamu na ndo tunayoikariri, lakini kama neno hulielewi fungua Habari Njema usome pembeni, hakuna dhambi yoyote. Wale Waberoya, watu wa mji wa Beroya, wa Matendo 17 wanasifiwa kwa kuchunguza maandiko kila siku, na huwezi kuchunguza usichokielewa. Anza kesho na Isaya 50:4 kwenye zote mbili, ile ya huniamsha asubuhi baada ya asubuhi, uangalie pale mwanzo wa mstari anaamshwa ili akamsaidie nani. Halafu abiria wako wa kwanza muangalie vizuri usoni kabla hujapiga kiki.