Kijerumani cha viungo vya mwili: pitia Kiswahili, usipitie Kiingereza

Wadogo zangu mnaojiandaa kuja Ujerumani kusomea uuguzi, cheti cha lugha cha kiwango cha B1 au B2 kitawafungulia mlango. Hakitawaambia mgonjwa ana maana gani saa kumi na mbili asubuhi, anapoongea kama alivyoongea maisha yake yote.

Mwezi wangu wa pili kwenye nyumba ya wazee, bibi mmoja niliyekuwa namwandaa kwa kifungua kinywa aligeukia ukuta akasema: "Ich habe die Nase voll." Maneno yote niliyajua. Pua yangu imejaa. Nikamletea tishu, nikaziweka karibu na mkono wake, na kwenye faili nikaandika ana mafua. Hakuzigusa. Wakati wa kukabidhiana zamu, wenyewe huita Übergabe, muuguzi mmoja mzoefu alisoma nilichoandika, akaniuliza taratibu bibi alitamka maneno gani hasa. Nilipomwambia, akaweka kalamu chini. Bibi hakuwa na mafua. Alikuwa amechoka, amechoshwa na yote. Angekuwa bibi wa kwetu angeweka kiganja shingoni na kusema, "Mwanangu, yamenifika hapa." Aliyezibwa pua husema "Meine Nase ist zu", imefungwa. Yule mama alikuwa ananifungulia moyo, mimi nikamletea karatasi. Jambo hilo liliniuma sana, na ndilo lililonifanya nianze kutembea na daftari mfukoni.

Nilichokiona kwenye daftari hilo baada ya miezi michache ndicho ninachotaka mkishike. Wengi wetu darasani tunakipitisha Kijerumani kwenye Kiingereza kwanza, ndipo tuelewe. Kwenye mambo ya mwili, huko ni kuzunguka bure, maana Kiswahili kiko karibu zaidi. Sisi tunasema "kichwa kinaniuma": mtenda ni kichwa, mimi nimo kwenye hako ka "-ni-" katikati. Mjerumani naye: "Der Kopf tut mir weh." Hiyo "mir" ndiyo "-ni-" yetu. Tunasema "nimenawa mikono", hatusemi "mikono yangu", kwani ningenawa ya nani? Naye husema "Ich habe mir die Hände gewaschen", bila "yangu". Anayetoka kwenye Kiingereza hubandika "meine", yaani "yangu", kila mahali.

Nahau ndiyo usiseme. Jambo lisilo na maana kwetu halina kichwa wala miguu. Kwao "hat weder Hand noch Fuß", halina mkono wala mguu. Mwizi kwetu ana mkono mrefu, kwao "macht lange Finger", vidole ndivyo virefu. Aliyebanwa na madeni hadi maji yamemfika shingoni, kwao naye atasema neno kwa neno: "Das Wasser steht mir bis zum Hals." Anayetimua mbio kwetu ni mguu niponye, kwao anaichukua miguu mkononi, "die Beine in die Hand nehmen". Na huzuni kwetu inakata maini, kwao inafika kwenye figo: "Das geht mir an die Nieren." Ukisikia hivyo kwa binti aliyetoka kumtazama baba yake mahututi, usimuulize kama figo zinamuuma. Vuta kiti ukae naye.

Ini nalo wanalo, ila kwa hasira. Aliyenuna bila sababu inayojulikana, huulizwa ni chawa gani amepita juu ya ini lake: "Welche Laus ist dir über die Leber gelaufen?"

Kazini kuna mengine ya kujua mapema. "Ich hab's im Kreuz": Kreuz kwenye kamusi utaikuta ni msalaba, lakini mgonjwa anakuonyesha kiuno. "Ich habe Rücken", nina mgongo, maana yake mgongo unamsumbua. "Willst du mich auf den Arm nehmen?" si ombi la kubebwa, anauliza kama unamtania. Na mkuu wa wodi akitaka muongee "unter vier Augen", chini ya macho manne, ni faragha, wewe na yeye tu.

Kuelewa na kutumia ni vitu viwili. Elewa mengi, tumia machache kwanza. "Haare auf den Zähnen", nywele kwenye meno, husemwa juu ya mwanamke mkali wa maneno, na likitoka kwa mgeni linaumiza. "Halt den Mund", funga mdomo, usimwambie mtu yeyote kazini. "Kopf hoch", inua kichwa, ni jipe moyo, lakini kwa aliyefiwa ni jepesi mno, mpe pole.

La kuanza nalo bila woga ni "Ich drücke Ihnen die Daumen", nakubania dole gumba. Tazama wanavyofanya: gumba linaingizwa ndani, vidole vinne vinalifunika, ngumi inabanwa. Ni kukutakia heri. Siku ya mtihani wenu wa mwisho mtaonyeshwa ngumi hizo na wagonjwa mliowaogesha miaka mitatu, na mmoja atawaambia "Hals- und Beinbruch!", vunjika shingo na mguu. Msishtuke. Naye anawatakia heri. Jibuni "Danke" mwingie.